Je, Kukata Picha ni Kusema Uongo?



Watu husema kwamba picha haisemi uongo. Mtu aweza kupamba maneno yake, na mwandishi wa gazeti aweza kutia chumvi. Lakini masini ya foto, wasema, haina moyo wala tumbo, hupokea tu mwanga unaoingia na kuuweka juu ya filamu. Kilichokuwa mbele yake ndicho kitakachoonekana. Basi ukitaka kumshinda mwenzako katika mabishano, huna haja ya maneno mengi: mwonyeshe picha, naye atanyamaza.

Tunataka kuuchunguza usemi huo, maana ndani yake mna kweli na mna kosa, na kosa lake limekwisha kuumiza watu. Hatutasema habari za picha za kughushi, zile ambazo kichwa cha huyu kimeunganishwa na kiwiliwili cha yule, wala zile zinazotungwa siku hizi na kompyuta bila mtu yeyote kusimama mbele ya kamera. Hizo ni uongo mtupu, hazina swali. Swali letu ni gumu zaidi. Ni habari ya picha ambayo kila kitu ndani yake ni kweli, ila imekatwa.

Kwanza tuelewane juu ya neno. Kila picha ina kadre yake, yaani mpaka wa pande nne, na nje ya mpaka ule hakuna kinachoonekana. Methali yasema macho hayana pazia. Lakini kamera inalo, tena inalo juu, chini, kuume na kushoto. Mpiga picha anapoiinua na kuielekeza, amekwisha kuchagua: huyu aingie, yule abaki nje. Huko ni kukata kwa kwanza. Baadaye picha yafika mikononi mwa wakubwa wa gazeti. Zamani walichora mistari juu ya karatasi kwa kalamu nyekundu, na mfanyakazi wa chumba cha giza akaikuza sehemu iliyomo ndani ya mistari tu. Siku hizi ni kazi ya kidole kimoja juu ya kioo cha simu. Huko ni kukata kwa pili. Tena kuna kukata kwa tatu ambako wengi hawakufikiri, nako ni kukata saa. Picha hushika kipande cha sekunde. Yaliyotangulia hayamo, na yaliyofuata hayamo.

Bila kukata hakuna picha. Anayetaka picha isiyokatwa anataka kuona dunia nzima mara moja, na jambo hilo ni la Mungu peke yake. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba kukata kwenyewe ni dhambi, kama vile hatuwezi kumlaumu mtu anayesimulia safari yake kwa sababu hakutaja kila mti aliopita njiani. Lakini kuna msafiri anayeacha miti, na kuna msafiri anayemwacha mwenzake aliyetembea naye.

Tutazame jambo lililompata binti mmoja wa nchi ya jirani. Mwezi wa Januari 2020 wakubwa wa mali na wa serikali walikutana Davos, katika milima ya Uswisi. Vijana watano wa kike walikuwa wamefika huko kusema juu ya hali ya hewa inayoharibika: Greta Thunberg na Isabelle Axelsson wa Uswidi, Luisa Neubauer wa Ujerumani, Loukina Tille wa Uswisi, na Vanessa Nakate wa Uganda. Walisimama pamoja wakapigwa picha, nyuma yao milima yenye theluji. Nakate alisimama mwisho wa mstari, na nyuma yake palikuwa na jengo. Shirika la habari la Associated Press lilipoitoa picha hiyo tarehe 24, vijana walikuwa wanne, wote Wazungu. Mwafrika, naye alikuwa mmoja tu, alikuwa amekatwa.

Nakate aliuliza mbele ya watu wote kwa nini ameondolewa. Jibu la kwanza la shirika lilikuwa la ufundi: mpiga picha alikuwa na haraka ya kupeleka kazi yake, akaona lile jengo linaharibu uzuri wa picha, akalikata. Hakutaka kumdharau mtu. Nakate hakuridhika, na sisi twasema kwamba alikuwa na haki ya kutoridhika. Alisema kwamba kwa mara ya kwanza maishani mwake ameelewa maana ya neno ubaguzi wa rangi. Akasema tena kwamba hawakufuta picha tu, wamefuta bara zima. Mkuu wa uandishi wa shirika alikuja kuomba radhi, na picha nyingine zenye vijana wote watano zikatolewa. Lakini ile ya wanne ilikuwa imekwisha kuzunguka dunia.

Sisi wa Kongo tuna sababu ya pekee ya kumkumbuka binti huyo. Katika mwaka 2019, wakati ulimwengu ulipokuwa ukilia juu ya moto wa msitu wa Amazon, yeye alisimama Kampala na bango lake akiomba watu waangalie na msitu wa Kongo. Alikuwa amesema juu ya miti yetu kabla wengi hawajaifikiri. Basi pale Davos, pamoja na mtu, kuna habari iliyokatwa.

Sasa tuje kwenye swali. Je, picha ile ya watu wanne ilikuwa uongo?

Sisi tuliopita seminarini tulifundishwa mambo mawili juu ya uongo. Mtakatifu Agustino aliandika vitabu viwili vizima juu yake, akasema kwamba uongo ni kusema kinyume cha yaliyo moyoni kwa nia ya kudanganya. Na kwamba kunyamaza juu ya kweli si sawa na kusema uongo. Mtakatifu Tomaso wa Akwino akaongeza katika Summa yake kwamba uongo hauko katika maneno tu: anayedanganya kwa kutikisa kichwa, au kwa ishara nyingine yoyote, hana udhuru. Hapo twapata kweli mbili za kutusaidia. Kwanza, picha nayo ni ishara. Kwa hiyo picha yaweza kuwa uongo kamili, na asije mtu akajificha nyuma ya masini. Pili, lisiloonyeshwa si lazima liwe uongo, maana kuna kunyamaza kwa halali.

Tukipima habari ya Davos kwa mizani hiyo, twaona jambo la ajabu. Tukiukubali ushuhuda wa shirika, mpiga picha hakuwa na nia ya kudanganya. Wale wanne walikuwapo kweli. Theluji ilikuwapo. Hakuna kitu hata kimoja kilichoongezwa. Kwa hesabu ya seminari, uongo haupo. Na bado kila mtu mwenye moyo anaona kwamba kuna ubaya uliotendeka pale. Basi ubaya ule uko wapi?

Kwa maoni yetu tumekuwa tukitafuta katika sanduku lisilo lake. Tulitafuta katika sanduku la ukweli, na kumbe jambo limo katika sanduku la haki. Haki ni kumpa kila mtu kilicho chake. Nakate alikuwapo, alisafiri, alisimama, alikuwa mmoja wa wale ambao habari ile iliwahusu. Nafasi katika picha ile haikuwa zawadi ya mpiga picha ampe akitaka; ilikuwa mali yake. Aliyemkata alichukua mali ya mtu, hata kama alidhani anaondoa jengo. Na tuseme wazi: kwamba hakufikiri, hiyo haimalizi neno. Mtu anayeegemeza jembe lake juu ya mtoto aliyelala kwa sababu hakumwona, twamwuliza kwa nini hakuangalia. Yatupasa kuuliza jicho lililozoea namna gani laweza kumwona mtu na jengo kuwa kitu kimoja.

Habari nyingine itatuonyesha jambo hilo hilo, safari hii bila haraka yoyote. Mwaka 1936 mwanamke mmoja Mmarekani, Dorothea Lange, alitumwa na serikali yake kupiga picha za maisha ya wakulima. Mwezi wa Juni alifika karibu na Clarksdale, katika jimbo la Mississippi, penye mashamba ya pamba. Huko alimpiga picha msimamizi wa shamba mbele ya duka. Ni Mzungu mnene, amesimama mbele, mguu mmoja ameuweka juu ya gari lake. Nyuma yake, barazani, wako wafanyakazi wake weusi, wengine wameketi na wengine wamesimama. Huhitaji maelezo. Nani anamiliki, nani anamilikiwa, umekwisha kuelewa kabla ya kusoma neno. Pembeni kabisa aonekana kidogo tu mume wa Lange, Paul Taylor, aliyekuwa akimsemesha yule bwana.

Miaka miwili baadaye, 1938, mshairi Archibald MacLeish alitoa kitabu chenye picha za namna hiyo, jina lake Land of the Free. Picha ya Clarksdale imo. Lakini watu weusi hawamo. Amebaki yule Mzungu peke yake, mguu juu ya gari, na sasa ni mtu mwingine kabisa: ni mkulima wa Amerika, mtu huru, asiyemwogopa mtu, anayeishi kwa jasho lake. Jasho la nani? Waliotoka jasho wamebaki upande wa pili wa mkasi. Angalieni sana, hakuna alama yoyote juu ya uso wa mtu yule iliyobadilishwa. Uso ni ule ule, mkao ni ule ule. Kukata watu waliokuwa nyuma kumebadili moyo wa aliyekuwa mbele.

Hapo ndipo tunapoona kwamba anayekatwa hapotei bila kuacha kitu. Anaacha maana yake kwa wanaobaki, nao hurithi kisicho chao.

Mtu mmoja atatuuliza: je, na mimi niliyekata picha ya arusi yangu kwa mkasi, nikamwondoa shemeji tuliyegombana naye, nimemnyang'anya haki? Twajibu kwamba picha iliyo ukutani pako haitoi ushuhuda kwa mtu yeyote. Wageni wako hawaitazami ili kuhukumu. Labda umekosa mapendano, na hilo ulimalize na shemeji yako. Lakini gazeti limekaa mahali pa shahidi barazani. Shahidi halazimishwi kusimulia kila kitu. Ila lile ambalo likisemwa lingegeuza hukumu ya wazee, hilo hana ruhusa kulimeza. Huo ndio mpaka. Chukua kilichokatwa, ukirudishe katika picha kwa mawazo, kisha ujiulize kama bado wahukumu vile vile. Ukirudisha jengo la Davos, hakuna kinachogeuka. Ukimrudisha Nakate, umepata habari nyingine.

Hata vipande vilivyotupwa vina lao la kusema. Huko Gulu, kaskazini mwa Uganda, palikuwa na studio ambayo mashine yake ya picha ndogo ilitoa nne kwa mara moja. Mwenye kuhitaji moja tu, kwa kitambulisho au kwa kazi, ilimfaa apigwe picha moja kubwa, kisha uso ukatwe kwa umbo la mraba. Uso ulikwenda ofisini. Mwili wenye tundu mahali pa kichwa ulibaki. Mpiga picha wa Italia, Martina Bacigalupo, aliziona karatasi hizo akazikusanya, nazo zikatoka katika kitabu mwaka 2013. Sisi twaona kwamba mabaki yale yasema zaidi kuliko nyuso. Utaona koti moja lile lile juu ya watu wengi, kwa wengine linapwaya, kwa wengine linabana, kwa sababu lilikuwa la kuazima ili mtu aonekane nadhifu mbele ya serikali. Utaona mikono ya kazi juu ya magoti, na mtoto anayepakatwa. Serikali ilitaka uso. Maisha yalibaki katika takataka.

Tuje kwetu.

Kongo ni nchi iliyojulikana duniani kwa njia ya picha zilizokatwa na watu wengine, na tangu zamani palikuwa na vita ya kadre juu yake. Wakati wa Leopold II picha zilizofika Ulaya zilionyesha mengi ya fahari: reli, stima, vituo vipya, mafungu ya pembe za ndovu. Zote zilikuwa za kweli. Reli ilikuwapo. Lakini mpira ulitokaje msituni? Tarehe 14 Mei 1904, katika misioni ya Kiprotestanti ya Baringa, kando ya mto Maringa, baba mmoja jina lake Nsala alifika na kifurushi cha majani. Ndani yake mlikuwa na mkono mdogo na mguu mdogo: ndivyo vilivyobaki vya binti yake Boali, mtoto wa miaka kama mitano, aliyeuawa na walinzi wa kompani ya mpira iitwayo ABIR. Mke wa misionari, Alice Seeley Harris, alimketisha Nsala kwenye ukingo wa baraza, akaviweka vile viungo mbele yake, akapiga picha.

Tazameni kwamba na yeye alichagua. Alipanga mahali pa kukaa, akapanga upande wa kutazamia. Picha ile si jambo lililonaswa kwa bahati; imetungwa kama vile sala inavyotungwa. Je, kwa hiyo ni uongo? Hata kidogo. Bibi huyo aliirudisha ndani ya kadre habari ambayo wengine waliiacha nje kwa makusudi. Yeye na mumewe John walizunguka Uingereza na Amerika na taa ya kuonyesha picha ukutani, na watu waliotoka katika mikutano ile hawakuweza tena kuzitazama zile picha za reli kama kwanza. Mark Twain, katika kijitabu chake cha 1905, alimfanya Leopold alalamike kwamba kamera ya Kodak ndiye shahidi peke yake ambaye hakuweza kumhonga. Mwaka 1908 nchi iliondolewa mikononi mwa mfalme. Harris hakuwa wa Kanisa letu, na jambo hilo halipunguzi kitu. Kweli haiulizi kitabu cha ubatizo.

Lakini tukiwa wenye haki, tuseme na jambo la pili. Katika picha nyingine za wakati ule, vijana waliokatwa mikono walisimamishwa, na kigutu kikawekwa mbele ya kitambaa cheupe ili kionekane vizuri. Jeraha likaonekana, ndiyo. Mwenye jeraha alionekana kiasi gani? Watu wa Ulaya waliweza kulia juu ya mkono bila kujua kwamba kijana yule alikuwa mvuvi au mwana wa mkuu, kwamba alikuwa na maneno ya kusema na hasira yake mwenyewe. Majarida ya misioni, tena na ya Kikatoliki, yameifuata mara nyingi desturi hiyo ya kumwonyesha Mwafrika kama shimo linalosubiri kujazwa. Sadaka zilipatikana, na hospitali zikajengwa, hatuzikatai. Ila deni lilibaki, na hatujui kama limekwisha kulipwa.

Katika miaka ya 1950 kadre iligeuka tena. Serikali ya Ubelgiji ilikuwa na wapiga picha wake wa Congopresse, nao walipeleka ulimwenguni picha za wodi safi, za madarasa, za wafanyakazi wenye afya mbele ya nyumba mpya za cité. Wodi zile zilikuwapo kweli, na wengine wetu tulizaliwa na wazazi waliozaliwa humo. Kilichokosekana ni swali. Katika picha zile hakuna mtu anayeuliza lolote.

Kisha ikaja tarehe 29 Juni 1960, siku moja kabla ya uhuru. Mfalme Baudouin aliingia Leopoldville, mji tunaouita leo Kinshasa, amesimama katika gari lililo wazi pamoja na Rais Kasa-Vubu. Mtu mmoja, Ambroise Boimbo, akatoka katika mkutano wa watu, akaunyakua upanga wa mfalme. Mjerumani Robert Lebeck, aliyefanya kazi kwa gazeti la Kristall, alikuwa karibu. Akabonyeza. Katika picha ile upanga umo mkononi mwa Mkongomani, na nyuma yake mfalme amesimama ndani ya gari lake. Pengine hakuna picha ya uhuru wa Afrika iliyosafiri kuliko hiyo. Wanaoitazama husema: tazameni, amri imetoka mkono huu imekwenda mkono ule.

Lakini hapo limefanyika lile kata la tatu, la saa. Muda mfupi baadaye Boimbo alikamatwa, na upanga ukarudishwa kwa mwenyewe. Lebeck alipiga na picha za kukamatwa kwake. Watu wachache wanazijua. Ukikata saa mahali pamoja, una nchi inayojikomboa; ukikata sekunde chache mbele, una mtu amebanwa na askari na silaha imerudi garini. Ipi ni ya kweli? Zote mbili zilitoka katika kamera moja, mchana mmoja. Ulimwengu ulichagua ya kwanza kwa sababu ilikuwa nzuri, na sisi Wakongomani tuliichagua pamoja nao kwa sababu tuliipenda. Tukiyakumbuka yaliyofuata, yaani jinsi Lumumba alivyouawa Januari 1961, na jinsi mali ya nchi ilivyozidi kwenda kwa njia zile zile, twajiuliza kama picha ya pili haikustahili nayo kutundikwa. Pia Boimbo mwenyewe alipotea nyuma ya ishara. Alikuwa mtu mwenye jina, mwenye sababu zake za kuchukua upanga. Wengi wameiona mikono yake na hawakuuliza jina.

Tuseme kidogo na juu ya picha nyingine ambayo ninyi wa Fizi na Baraka mmeiona juu ya mashati ya vijana. Ni ya Che Guevara, yule aliyekaa katika milima yenu tangu Aprili hata Novemba 1965 kwa jina la Kiswahili, Tatu. Alberto Korda alimpiga picha Havana tarehe 5 Machi 1960, katika ibada ya kuwaaga watu waliouawa na mlipuko wa meli La Coubre. Kando ya Che alionekana mtu mwingine, na upande wa pili majani ya mnazi. Vyote viwili vikakatwa. Mtu aliyekuwa akitazama kilio amekuwa mtu anayetazama mbele milele, pasipo mahali na pasipo siku. Yeye mwenyewe, alipoandika habari zake za Kongo, alisema ni historia ya kushindwa. Hilo halimo katika shati.

Sasa tusikie upinzani mmoja wenye nguvu. Mtu atasema: mkidai kwamba kila aliyekuwapo ana haki ya kuwamo, mnasahau walio na haki ya kutokuwamo. Ni kweli kabisa, na hapa Kivu twalijua jambo hilo kuliko wengine. Mwanamke aliyetendewa jeuri, akakimbilia Hospitali ya Panzi kule Bukavu, uso wake si wa gazeti. Mpiga picha mwenye adabu humpiga akiwa amegeuka, au huonyesha mikono yake tu, au huikata picha shingoni. Na mkasi huo ni wa heshima. Mtoto mkimbizi asiye na nguo, maiti ambayo ndugu zake hawajaarifiwa, hao nao wana haki ya pazia. Kwa hiyo mkasi ule ule uliomnyang'anya Nakate nafasi yake unamrudishia mwanamke huyu iliyo yake. Ndiyo maana hatuwezi kutoa sheria juu ya mkasi. Yatupasa kuuliza kila mara: anayekatwa, anakatwa kwa faida ya nani? Yule wa Panzi anafichwa kwa ajili yake mwenyewe. Wale wa Clarksdale walifichwa kwa ajili ya hadithi ya mtu mwingine.

Kwa sababu hiyo hatukubaliani na wale wanaosema siku hizi kwamba picha zote ni udanganyifu, tusiamini hata moja. Usemi huo wapendeza masikioni mwa wauaji. Aliyemuua Boali angeufurahia sana. Katika simu zetu, tangu vita vilivyoirudia Goma, huja picha za kweli na picha za miaka kumi iliyopita zilizotiwa maneno mapya, na mtu aliyechoka hutaka kuzitupa zote pamoja. Akifanya hivyo, amemkata kila mtu kwa mara moja. Afadhali achukue shida ya kuuliza: hii ni ya wapi, ya siku gani, nani alisimama kushoto, mbona kivuli hiki hakina mwenyewe?

Na waandishi wana njia ya kulipa kile wasichoweza kuonyesha, nayo ni maandishi ya chini ya picha. Pale ambapo kadre haikutosha, mstari mmoja watosha: pamoja nao alikuwapo fulani, muda mfupi baadaye alikamatwa, nyuma yake walikuwapo wafanyakazi wake. Ni kazi ndogo. Nakate aliifanya kwa urefu zaidi: mwaka 2021 alitoa kitabu, akakiita A Bigger Picture, yaani picha iliyo pana zaidi, na humo akajirudisha mwenyewe pamoja na wengi wa Afrika wanaofanya kazi ile ile.

Wale wa Mississippi hawakuandika kitabu. Picha yao nzima imehifadhiwa katika maktaba kuu ya Bunge la Amerika, Washington, na yeyote aweza kuitazama leo, baraza na watu wake. Lange, aliyekuwa na bidii ya kuandika maelezo, aliandika mahali, mwaka, na kwamba ni msimamizi na watu wake wa shamba. Majina hakuandika, hata la msimamizi.